Namna ya Kusoma Vita vya Vietnam kwa Kulinganisha Tarehe

Anayeanza kujifunza Vita vya Vietnam kwa kawaida hupewa orodha ya matukio, na akishaikariri hubaki na swali ambalo orodha hiyo haimjibu: ilikuwaje dola kubwa kama Marekani ikaendelea kwa miaka mingi kupigana vita ambavyo wananchi wake wenyewe walikuwa wamevichoka? Ili kulijibu swali hilo, chukua daftari na uugawe ukurasa katika safu tatu. Katika safu ya kwanza andika yale ambayo serikali ya Marekani iliwaambia wananchi siku fulani, katika ya pili yale ambayo viongozi haohao walikuwa wakiyajua au wakiambiana faraghani wakati huohuo, na katika ya tatu mwaka ambao wananchi walikuja kuyajua. Acha pia nafasi pembeni kwa ajili ya Vietnam yenyewe, kwa sababu vitabu vingi husimulia vita hivi kana kwamba Wavietnam walikuwa wageni katika nchi yao.

Usianze na mwaka 1965, askari wa Marekani walipotua Da Nang. Anza tarehe 2 Septemba 1945, siku ambayo Ho Chi Minh, kiongozi wa Wakomunisti wa Vietnam, alitangaza uhuru mjini Hanoi na kufungua hotuba yake kwa maneno ya Azimio la Uhuru la Marekani. Kutoka hapo nenda kwenye kushindwa kwa Wafaransa, waliokuwa wakoloni wa Vietnam, huko Dien Bien Phu mwezi Mei 1954, katika vita ambavyo sehemu kubwa ya gharama zake ilikuwa ikilipwa na Marekani, kisha kwenye maafikiano ya Geneva ya Julai mwaka huohuo, ambayo yaliigawa nchi kwa muda kwenye latitudo 17, Kaskazini ikiwa chini ya Ho Chi Minh na Kusini chini ya wapinzani wake, na kuahidi uchaguzi wa nchi nzima mwaka 1956. Ngo Dinh Diem, aliyeitawala Kusini kwa msaada wa Marekani, alikataa uchaguzi huo ufanyike. Msomaji anayeyaruka haya ataviona vita hivi kuwa ugomvi wa Washington na Moscow tu, wala hataelewa kwa nini wakulima wengi walivihesabu kuwa mwendelezo wa mapambano ya kumwondoa mkoloni.

Ukishapata msingi huo, jaza mstari wa kwanza kwa tukio la Ghuba ya Tonkin, na ulifanyie kazi polepole, kwa kuwa ndilo linalofundisha mbinu yote. Tarehe 2 Agosti 1964 boti za Vietnam Kaskazini ziliishambulia manowari ya Marekani iitwayo Maddox, na hilo halina ubishi. Usiku wa tarehe 4 Rais Lyndon Johnson aliwatangazia wananchi kwamba kumetokea shambulio la pili na kwamba Marekani inajibu mapigo. Maneno hayo ni ya safu ya kwanza. Katika safu ya pili andika kwamba siku hiyohiyo ofisa aliyeongoza manowari za Marekani huko alituma ujumbe akieleza kuwa taarifa nyingi za shambulio zilikuwa za kutiliwa shaka, huenda kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na mitambo kusomwa vibaya. Tarehe 7 Agosti Baraza la Wawakilishi lilimpa Johnson idhini ya kutumia nguvu za kijeshi kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga, na Seneti kwa kura 88 dhidi ya 2. Katika safu ya tatu andika mwaka 2005, pale nyaraka za shirika la usalama la Marekani lenyewe zilipofunguliwa na kuthibitisha kwamba shambulio la pili halikuwapo. Hesabu miaka iliyopita kati ya safu ya kwanza na ya tatu: ni 41.

Mstari mwingine usiopaswa kuukosa ni wa Machi 1965. Hadharani ilisemwa kwamba lengo ni kuulinda uhuru wa Vietnam Kusini. Tarehe 24 mwezi huo, John McNaughton, msaidizi wa Waziri wa Ulinzi Robert McNamara, aliyapima malengo hayo kwa asilimia katika waraka wa siri: 70 kuepuka aibu ya kushindwa, 20 kuizuia China, na 10 tu kuwapa watu wa Kusini maisha bora na huru zaidi. Waraka huo ulijulikana mwaka 1971, baada ya nyaraka za siri za Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kuvujishwa kwa magazeti. Kila ninapousoma hukumbuka kwamba vijana waliokuwa wakiandikishwa jeshini waliambiwa zaidi habari ya ile asilimia 10.

Nyaraka za Pentagon, zenye kurasa zipatazo 7,000, zilifunguliwa zote mwaka 2011 na zinasomwa bure katika tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Mazungumzo ya simu ya Johnson yanasikika katika tovuti ya Miller Center ya Chuo Kikuu cha Virginia. Tafuta kwa tarehe badala ya mada, la sivyo utazama.

Takwimu za kijeshi zinahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu makamanda walipima ushindi kwa hesabu ya maiti. Tarehe 16 Machi 1968 jeshi liliripoti kuwa limeua maadui 128 katika kijiji cha My Lai. Waliouawa walikuwa raia, wengi wao wanawake, watoto na wazee, na umma haukuambiwa hadi Novemba 1969. Kura za maoni nazo zisome kwa makini. Agosti 1965 asilimia 24 ya waliohojiwa na Gallup, kampuni ya kura za maoni ya Marekani, walisema kupeleka askari kulikuwa kosa, na Agosti 1968 walikuwa 53, lakini miongoni mwao walikuwamo waliotaka vita vikazwe zaidi, si kusitishwa.

Safu za ukweli uliofichwa zisiwe za upande mmoja. Hanoi, yaani serikali ya Vietnam Kaskazini, ilikana kwa miaka mingi kwamba jeshi lake lilikuwa likipigana Kusini, ilhali njia ya kupitishia askari na silaha ilianza kufunguliwa mwaka 1959. Na raia waliouawa na Wakomunisti mjini Hue mwaka 1968 nao wanastahili mstari wao.

Mwishoni andika waliokufa. Kwa Marekani idadi iliyoandikwa ni 58,220. Kwa Vietnam, serikali yake ilitangaza mwaka 1995 takriban raia milioni 2 na wapiganaji wa upande wake milioni 1.1. Usizilainishe takwimu hizi zifanane kwa sura. Ziandike kama zilivyo, moja ikiwa imehesabiwa hadi mtu wa mwisho na nyingine ikikadiriwa kwa malaki.