Jinsi ya kujiandaa kwa cheo cha juu katika kada za afya nchini Uganda

Tabibu, mteknolojia wa maabara, mpiga picha za eksirei au mtaalamu wa fiziotherapia anayetaka kupanda ngazi katika utumishi wa umma aanze kwa kuichunguza ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Cheo hakitolewi kwa sababu ya miaka mingi ya kazi peke yake, bali hutolewa pale ambapo nafasi imo katika muundo ulioidhinishwa, iko wazi na ina fungu la mshahara. Muulize afisa utumishi wako nafasi za mwandamizi na za mkuu katika kada yako ziko ngapi, kisha usome sifa zinazotakiwa kabla hujalipia ada ya shahada ambayo pengine muundo wenyewe hauitaji.

Ujue pia nani anayeajiri. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbale na Gulu, zimo chini ya Tume ya Utumishi wa Afya, ilhali vituo vya afya na hospitali za wilaya huajiri kupitia tume ya utumishi ya wilaya. Aliyeko kazini hupitisha maombi yake kwa mkuu wake wa idara, kwa hiyo barua ya kuthibitishwa kazini na leseni ya mwaka ya baraza la kada hizi, lililoanzishwa kwa sheria ya 1996, ziwe tayari muda wote. Tangazo halimngojei mtu anayetafuta karatasi.

Jambo zito zaidi ni ushahidi wa kazi. Uingereza, mwongozo wa 2017 kuhusu utendaji wa ngazi ya juu uliegemea nguzo nne, yaani tiba, uongozi, ufundishaji na utafiti, na naona kipimo hicho kinatufaa hata pale ambapo cheo cha mshauri bingwa kimezoeleka kuwa cha madaktari. Chukua mfano wa afisa wa mifupa anayetibu watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa njia ya Ponseti, yaani kuzinyoosha hatua kwa hatua kwa plasta, kisha kwa viatu maalumu vya usiku. Kufunga plasta vizuri ni nguzo moja tu. Akiweka daftari la watoto waliomaliza plasta zote, akafuatilia wanaoacha kuvaa viatu vya usiku, ambavyo huhitajika hadi mtoto akaribie miaka minne, akagundua kuwa wengi wao wanatoka mbali, kisha akawafundisha wenzake wa kituo cha afya kilicho karibu nao, amezigusa nguzo zote nne bila kuongezewa hata shilingi. Daftari hilo, likifupishwa katika ukurasa mmoja, lina uzito kuliko rundo la vyeti vya semina.

Mwishowe, kabla ya kusaini barua ya uteuzi, uliza ni siku ngapi za juma utabaki na wagonjwa. Vyeo vingine vya ukuu humhamishia mtaalamu kwenye ratiba za zamu na hesabu za stoo, na aliyependa tiba hujikuta hashiki tena mgonjwa. Ikiwezekana, siku hizo ziandikwe katika maelezo ya kazi.