Kabla ya namba, Mwaloni: jinsi ninavyowafundisha watoto mpangilio wa maktaba

Mwaka niliokabidhiwa funguo za maktaba ya shule, niliandika ubaoni makundi yote kumi ya mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada, kuanzia 000 hadi 900. Darasa la tano wakanakili vizuri, vichwa vya habari wakavipigia mstari mwekundu. Wiki hiyohiyo nikakuta kitabu cha samaki katikati ya vitabu vya dini. Tangu hapo sianzi na namba.

Hatua ya 1: Waulize habari za sokoni. Hapa Mwanza kila mtoto anajua Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Nauliza: mama akitaka dagaa, anazunguka soko zima? Wanacheka. Dagaa wako na dagaa, kayabo (samaki wakavu wa chumvi) na kayabo. Tena dagaa wa kwenye chanja hawachanganywi na walioanikwa mchangani, maana bei si moja. Hapo tayari wameshataja kundi na kundi dogo ndani yake.

Hatua ya 2: Mwaga vitabu mkekani. Thelathini vinatosha, lebo za mgongoni zikiwa zimefunikwa kwa karatasi. Waache wapange wenyewe, na wakibishana usiwaamulie haraka. Safari moja kitabu cha sangara kilitugharimu kipindi kizima: huyu anasema ni wanyama, yule anasema ni kazi ya baba yake. Wote walikuwa na hoja. Samaki kama kiumbe yuko 597, ndani ya 590 ya wanyama, ndani ya 500 ya sayansi. Uvuvi kama kazi uko 639, kwenye 600 ya teknolojia. Sasa fungua lebo, waone. Makundi mengine watayazoea taratibu. Kwamba Mmarekani Melvil Dewey alichapisha mfumo huu mwaka 1876, waambie wakikuuliza.

Hatua ya 3: Nukta. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo usiwe na haraka. Andika kwenye vipande vya boksi 639.3, 639.12, 639 na 639.2, uwavalishe shingoni kwa kamba, kisha waambie wajipange. Mwenye 639.12 atakimbilia mwisho, kwa sababu kumi na mbili ni kubwa kuliko tatu! Kataza kusema "kumi na mbili". Baada ya nukta tunasoma tarakimu mojamoja: moja, mbili. Walinganishe ya kwanza kwanza. Moja inatangulia mbili na tatu, basi huyo anasogea mbele. Aliyeishiwa tarakimu mapema anatangulia, ndiyo maana 639 isiyo na nukta inasimama mbele ya wote. Rudia siku tatu, kila siku na kadi mpya.

Hatua ya 4: Hadithi. Sisi hizi tunazipanga kwa jina la ukoo la mwandishi. Watoto huitana kwa jina la kwanza, kwa hiyo Euphrase Kezilahabi watamtafuta kwenye E. Mimi huwapa yeye na Aniceti Kitereza, wote wa Ukerewe, wote K. Ndipo wanalazimika kutazama herufi ya pili. Ke, halafu Ki.

Vitabu vya kiada viwe na kabati lake. Nakala arobaini za hesabu zitameza shelfu nzima.

Hatua ya 5: Kurudisha. Najua walimu wanaotaka kila mtoto arudishe kitabu mwenyewe. Mimi nimeweka beseni mlangoni. Kitabu kilichochomekwa pasipo pake kinapotea huku kipo, afadhali kisubiri kwenye beseni. Jioni wawili wa zamu wanarudisha, wa tatu anasoma lebo kwa sauti kabla hakijaingia.

Baada ya wiki mbili mpe kila mmoja kikaratasi chenye namba, aende peke yake. Akirudi mikono mitupu, usimwoneshe shelfu. Muulize: "Unatafuta dagaa gani, wa chanja au wa mchangani?" Mara nyingi anageuka kabla hujamaliza.