Kutafuta historia ya shule ya kanisa kijijini: anza na ukuta

Mimi ni fundi wa mawe, Kisauni, Mombasa. Kanisa likikaribia jubilii, vijana hunijia wakitaka historia ya shule yao kongwe, makaratasi mkononi. Nawarudisha ukutani.

Chukua msumari, kwaruza pale plasta ilipobanduka karibu na msingi. Ukitoka unga mweupe unaoshika vidole, hiyo ni chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Msumari ukiteleza juu ya kijivu kigumu, ni saruji. Aghalabu utakuta chokaa ndani na saruji juu yake, ukuta umevimba na kutoa chumvi, kwa kuwa chokaa hupumua na saruji imeiziba. Basi ushajua kuna mkono wa pili uliopita hapo.

Halafu jiwe la msingi. Shule moja walilipaka rangi ya mafuta mara tatu, Mungu awasamehe. Nilingoja magharibi, nikalaza tochi ubavuni mwa jiwe, mwanga ukipita juu juu. Tarakimu zikainuka kwa vivuli vyake: 1, 9, 3... ya mwisho imejaa rangi. Usiichimbue kwa kisu.

Ila mwaka wa jiwe ni wa jengo, si wa shule. Pale Rabai, karibu na Mombasa, wamisionari Krapf na Rebmann walianza kazi 1846. Kanisa la mawe lilikuja miaka mingi baadaye. Huenda na watoto wenu walianza kusoma chini ya mwembe.

Kwa wazee, piga shikamoo, kaa, usiulize mwaka. Uliza: "Bibi, paa lilikuwa makuti au mabati? Mlikalia nini? Kengele ilikuwa kengele kweli au kipande cha reli?" Mmoja alinicheka, akanionyesha mwembe ambao reli ile ilining'inia, waya ungali umezama ndani ya gome. Hapo ndipo tulipojua mlango wa zamani ulitazama wapi.

Karatasi mwisho. Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka shule za misheni chini ya serikali, kanisa likabaki mfadhili. Kwa hiyo za kabla ya hapo anza kuzitafuta kanisani, hasa daftari la ubatizo, ambamo mara nyingine mwalimu ametajwa kama msimamizi wa mbatizwa. Za baadaye, ofisi ya elimu. Mkikwama, Nyaraka za Taifa ziko Nairobi.

Na pale ulipokwaruza, ziba. Kwa chokaa, tafadhali.