Namna ya kupima mkono wako kwenye upasuaji wa matundu madogo

Madaktari wenzangu wa Unguja na Pemba, hii habari ya "fulani mkono wake mzuri" haitoshi kabisa, mzuri kwa macho ya nani? Tupime kwa namba.

Chukua boksi la mazoezi, hata la plastiki ulotoboa wewe mwenyewe na kamera ya simu ndani, anza na zoezi la vigingi: vipira sita vilovikwa kwenye vigingi, unanyanyua kimoja kwa mkono ulio dhaifu, unakihamishia mkono wa pili hewani, unakiweka upande wa pili, vikisha vyote unavirudisha. Mwenzio ashike saa. Kwenye FLS, mtihani wa Marekani wa misingi ya upasuaji huu, ukomo ni sekunde 300, lengo la mazoezi sekunde 48 bila kuangusha kitu nje ya eneo linaloonekana na kamera.

Ila spidi peke yake inadanganya mana mtu anaweza kukimbia huku anaharibu, kwa hiyo toa muda ulotumia kwenye ukomo, kisha toa na adhabu ya makosa. Kwenye zoezi jengine, la kukata duara lilochorwa kwenye gozi (kitambaa cha kufungia vidonda), kosa ni eneo lote lilotoka nje ya mstari.

Halafu video. Rikodi ndani ya boksi tu, ipe namba badala ya jina, wape wasahihishaji wawili kila mtu kivyake wajaze GOALS, fomu ya kutoa alama za ustadi wa upasuaji huu, vipengele vitano, kila kimoja alama 1 mpaka 5. Wakipishana sana wakae waelewane alama 3 maana yake nini, kisha wasahihishe upya.

Umeme ukikatika katikati, jaribio hilo lifute.