Panga msimbo upya kwanza, kipengele kipya kifuate

Nilipopewa kazi ya kuongeza kuponi za punguzo kwenye programu ya mauzo, nilifungua faili nikaanza kuandika papo hapo. Siku ya tatu tawi langu, yaani nakala ya msimbo wa programu niliyokuwa nikiifanyia kazi kando, lilikuwa limegusa mafaili 40: nusu kipengele kipya, nusu usafi nilioufanya njiani. Jumla za ankara zilikuwa zimepishana kwa senti moja hapa, mbili pale, na sikuweza kujua ni badiliko lipi lililoleta kosa. Nililifuta tawi lote nikaanza upya, safari hii na karatasi.

Andika kwanza sentensi mbili: mtumiaji ataweza nini, na nini hakimo. Yangu zilikuwa hivi: "Mteja akiingiza kuponi, jumla inapungua kwa asilimia ya kuponi hiyo. Kuponi mbili kwa ankara moja hazikubaliwi." Usiiruke ile ya pili. Ndiyo itakayokuokoa mtu atakapokuja katikati ya kazi na "kale kadogo tu, ongeza na haka".

Kisha soma msimbo kabla ya kukadiria siku. Niliandika `git grep hesabuJumla`, amri ya kutafuta neno ndani ya msimbo wote, nikakuta funksheni hiyo ya kukokotoa jumla inaitwa mahali 11. Pa kumi na moja palikuwa ripoti ya usiku, ambayo ilichukua jibu na kulikadiria tena kwa njia yake. Orodhesha kila mahali, na pembeni uandike panategemea nini. Mimi kazi hii huitengea nusu siku nzima na sijawahi kuijutia.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba bei zilihifadhiwa kama namba za desimali. Kompyuta hutunza namba hizo kwa mfumo wa mbili, ambao hauwezi kuishika sehemu moja ya kumi kikamilifu. Ndiyo maana katika lugha ya programu ya JavaScript 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Ukipachika asilimia ya punguzo juu ya msingi huo, unazidisha tatizo. Kwa hiyo mpango ukawa na hatua tatu, kila moja na tawi lake: kukusanya hesabu zote mahali pamoja bila kubadili matokeo, kuhamia senti kwa namba kamili, kisha kuponi.

Kabla ya kugusa chochote, weka majaribio yanayoshika hali ilivyo. Nilichukua ankara 20 za zamani nikaandika jumla zake kama programu ilivyozitoa, hata zile nilizojua zina kasoro. Hatua ya kwanza haikuruhusiwa kubadili hata moja. Hatua ya pili ilibadili tatu, na hizo nilimpelekea mhasibu azithibitishe kabla ya kuendelea.

Hifadhidata inataka subira zaidi. Usibadili safu (kolamu) ya `bei` palepale. Ongeza `bei_senti` kando yake, fanya programu iandike zote mbili, jaza rekodi za zamani kwa mafungu madogo ili jedwali lisifungwe kwa muda mrefu, hamisha usomaji, mwisho kabisa ndipo uifute safu ya zamani. Hatua zote za mwanzo unaweza kuzirudisha nyuma kwa urahisi, lakini ukishafuta huna pa kurudi. Mimi niliiacha wiki mbili.

Hatua isiyoisha kwa siku moja, igawe. Na kila komiti, yaani kila fungu la mabadiliko unalolihifadhi, iseme waziwazi kama inabadili matokeo au haibadili, maana mkaguzi wa msimbo husoma hizo mbili kwa macho tofauti kabisa.

Kuponi yenyewe, ilipofika zamu yake, ilikuwa mistari 38 ndani ya faili moja. Mwenzangu aliyeikagua alikuwa na swali moja tu: kuponi iliyopitwa na muda inakataliwa wapi? Mpango haukuwa na jibu. Niliongeza sentensi ya tatu juu ya ukurasa, kisha jaribio lake, na mchana huohuo tukaliunganisha tawi na msimbo mkuu.