SOMO: Slaidi, GeneXpert au kuotesha? Naandika mara moja tu

Wadau, haya ni mambo ya kupima TB (kifua kikuu) kwenye makohozi: slaidi ni kuyapaka kwenye kioo na kutazama kwa hadubini, GeneXpert ni mashine inayosoma DNA ya kimelea, kuotesha ni kukikuza kimelea maabara. Haipiti wiki bila mtu kuniuliza "slaidi imetoka negativu, GeneXpert imesema pozitivu, nani muongo?" Hakuna muongo hapo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, shikeni hii.

Hatua 1. Jina liandikwe ubavuni mwa kopo, siyo kwenye mfuniko.

Hatua 2. Makohozi yatoke kifuani, mililita 3 hadi 5, mgonjwa akoholee nje penye hewa. Akileta mate ya mapovu mwelekeze upya kwa upole, hakuna mashine inayogeuza mate kuwa makohozi.

Hatua 3. Jua kipi kinaona nini. Slaidi ya Ziehl-Neelsen (ile ya rangi nyekundu) inataka kama vimelea 5,000 mpaka 10,000 kwa mililita ndo uvione, hadubini ya LED na rangi ya auramine inayong'aa inasogea mbele kidogo tu. GeneXpert ya mwanzo inashika hata 130 hivi, katriji ya Ultra kama 16, na ndani ya saa 2 unajua na usugu wa rifampisini (dawa kuu ya TB). Kuotesha ndo baba lao maana kinaota kilicho hai tu, ila MGIT (chakula cha maji cha kuoteshea) mpaka siku 42 ndo useme hamna kitu, na LJ (chakula kigumu) wiki 8.

Hatua 4. Mgonjwa mpya, GeneXpert kwanza. Slaidi ni pale katriji zimeisha (na zitaisha).

Hatua 5. Kufuatilia anayemeza dawa. HAPA NDO NILIPOHARIBU. Fundi cherehani mmoja, mwezi wa pili wa dawa, kanenepa mpaka kajiongezea kiuno cha suruali mwenyewe. Siku hiyo hadubini ilikuwa na foleni, nikajifanya mjanja nikatia makohozi yake kwenye GeneXpert, ikatoka pozitivu, nikakimbiza majibu, mtu akaambiwa dawa zimekataa na mkewe akahamia kwa dada yake. Bosi wangu aliniuliza swali moja tu: "umepima wadudu au umepima maiti?" Mashine inasoma DNA, na kimelea kilichokufa DNA yake inabaki muda mrefu. Slaidi ilikuwa safi, na tulipootesha hakikuota kitu. GENEXPERT HAIFUATILII MATIBABU. Tumia slaidi au kuotesha.

MASWALI

Mdau: Mkuu, slaidi negativu si ndo hana TB?
– Hatua ya 3. Soma.

Mdau: Kwa hiyo daktari wetu anayeagiza GeneXpert kila mwezi hajui kazi?
– Sijamtaja daktari wako. Nimesema mashine inasoma nini.

Dada wa fildi: Samahani kaka, mbona hata slaidi inaonyesha vilivyokufa?
– Hili ndo swali sasa! Kweli kabisa mdogo wangu, rangi haichagui mzima na maiti. Ndo maana slaidi ya mwezi wa pili ikiwa pozitivu hatukimbilii kusema dawa zimegoma, tunapeleka kuotesha na kupima usugu, na tunauliza kama kweli anameza. Faida ya slaidi ni hesabu, unaona ametoka 3+ (vimelea tele) mpaka vimelea 4 kwenye maeneo 100 unayotazama kwa hadubini.

Dada wa fildi: Asante. Na Ultra ikiandika "trace"?
– DNA imeonekana kiduchu, na hapo usugu wa rifampisini hausomeki. Kwa mtoto au mwenye VVU tunaihesabu pozitivu. Mtu mzima asiye na VVU, rudia sampuli. Aliyewahi kuugua TB ndani ya miaka 5, taratibu sana, inaweza kuwa maiti wale wale.

Mdau: Na panya wa Morogoro?
– Panya buku wa APOPO (shirika linalowafunza kunusa TB) pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mmoja ananusa sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Wakinusa kitu maabara inahakikisha kwanza.

Mdau: Slaidi zangu zinajaa punje nyekundu, shida nini?
– Unachuja fuksini (ile rangi nyekundu)?

Mdau: Hapana.
– Basi chuja. Na moto wa kupasha rangi kwenye slaidi ni mpaka mvuke uonekane, siyo ichemke, unapika slaidi siyo maharage.