Kuloweka mbegu za bamia usiku mmoja kabla ya kupanda

Wiki hii nimemsaidia jirani yangu hapa Kigamboni kupanda matuta yake ya bamia, na maswali aliyoniuliza ni yale yale ninayoulizwa kila vuli inapokaribia. Nayaandika hapa yawafae na wengine.

Bamia ina ganda gumu. Ukiipanda kavu kwenye kichanga chetu, ambacho maji hupita tu, nyingine huota mapema, nyingine huchelewa, nyingine hubebwa na sisimizi kabla hazijaota. Ikilowekwa, inaingia ardhini ikiwa imeshakunywa maji yake, na shamba huota kwa pamoja.

Hatua ya 1: Mbegu

Mbegu yenye rangi nyekundu, kijani au buluu imepakwa dawa. Usiiloweke kabisa. Dawa inabaki kwenye maji, mbegu inakosa kinga yake, na maji hayo ni sumu kwa watoto na kuku. Ipande kavu. Ukienda Kariakoo kwenye maduka ya pembejeo, uliza kwanza kama wana mbegu isiyopakwa dawa, na uangalie lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania, pamoja na tarehe. Mbegu iliyokufa haifufuki kwa kulowekwa.

Hatua ya 2: Maji

Tumia ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na maji ya chumvi huingia kwenye mbegu kwa shida. Wapo wanaomwaga maji ya moto ili kulainisha ganda. Mimi siyashauri hata kidogo. Bila kipimajoto huna namna ya kujua umelainisha ganda au umeua kiini.

Hatua ya 3: Kuloweka

Funga mbegu kwenye kipande cha kanga kuukuu, uache nafasi ya kuvimba, uzamishe kwenye beseni pana. Saa 2 usiku weka, saa 2 asubuhi toa. Chupa ya soda yenye kifuniko sitaki hata kuiona kwenye kazi hii. Mbegu ikishaanza kunywa maji huanza pia kupumua, na ndani ya chupa iliyozibwa hewa huisha haraka.

Hatua ya 4: Kutoa kwa wakati na kukausha juu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo soma polepole.

Mbegu hunywa maji kwa kasi mwanzoni, kisha hutulia kwa muda huku ndani ikijiandaa, halafu ndipo mzizi unapotoboa ganda. Sisi tunataka kuitoa kwenye kile kipindi cha utulivu. Ukisubiri mpaka uone mzizi mweupe umechelewa: mzizi ule hukatika ukiushika, na ukiingia kwenye udongo wenye joto usio na unyevu wa kutosha hukauka. Na kwa joto la Dar mambo huenda haraka, kwa hiyo saa 12 za bamia usizifanye 24 kwa sababu umepata safari ya mjini.

Kama huijui mbegu yako, ipime kwanza. Loweka chache kwa saa 8, nyingine 12, nyingine 18. Zitoe, zifute, uzitandaze kwenye kitambaa kikavu bila kuongeza maji. Kundi linaloendelea kuota lenyewe limepita kiasi. Muda wako salama ni ule ambao mbegu imevimba lakini ikitolewa majini haiendelei kuota.

Ukishazitoa, suuza, chuja, kisha tandaza kwenye ungo au mkeka kivulini penye upepo. Usianike juani. Unakausha ngozi ya nje tu, zisishikane, ziteleze vidoleni kama mbegu kavu. Ukizigusa zikaacha unyevu mkononi, ongeza muda kidogo. Zikiwa na utelezi na harufu ya kuchacha, zimekosa hewa, usizipoteze shambani.

Panda siku hiyo hiyo. Mvua ikikusaliti na huna maji ya kumwagilia, endelea kuzikausha kivulini mpaka zirudi ukavu wake, uzipande siku chache zijazo, lakini si za kuweka mpaka masika. Ndiyo maana nasema hakikisha udongo una unyevu kabla ya kuloweka. Wingu lililosimama juu ya bahari halihesabiki.

Hatua ya 5: Kupanda

Sentimita 2 kwenda chini, mbegu mbili kila shimo, mwagilia taratibu kwa keni.

Mazao mengine

Mahindi yasiyopakwa dawa huvumilia saa 12 hadi 18, mpunga hadi 24, choroko 8. Mchicha acha, mbegu zake ni ndogo mno, zitagandana na hutaweza kuzisia vizuri. Maharage na soya msiloweke: hunywa maji kwa pupa, ganda linapasuka na vipande vya ndani vinaachana, kisha zinaoza ardhini. Kwa maharage, mwagilia shimo kwanza, upande kavu.